Vifaa Vyako Kwenye Gari la Kukodi: Mwongozo kwa Anayetoka Mwanza Kuvuka Mpaka

Gari ni la mtu, ila simu, chaja na kamera ni vyako, na hapo ndipo ugomvi mwingi wa magari ya kukodi huanzia. Kioo kimebaki na gundi, fyuzi imeungua, redio ya gari imebaki na majina ya ukoo mzima. Mwongozo huu ni wa mtu anayekodi gari hapa Mwanza akazunguke ziwa, iwe Kisumu kupitia Sirari, Kampala kupitia Mutukula au Kigali kupitia Rusumo. Pia ni wa yule anayepanda ndege na kwenda kukodi hukohuko Dubai au Ujerumani. Msimamo wangu ni huu: kifaa chochote kipate umeme kwenye tundu lake na siku ya mwisho kitoke bila kuacha alama kwenye kioo, kwenye nyaya wala kwenye kumbukumbu za gari. Kazi ikidai bisibisi, hiyo si kazi ya gari la kukodi.

HATUA YA 1: MALIZANA NA MWENYE GARI KABLA HUJALIPA

Magari mengi ya kukodi mjini kwetu ni ya watu binafsi. Utapewa IST, Noah, RAV4 au Prado, mkataba karatasi moja, mengine ni maneno ya mdomo. Basi uliza mapema, kwa heshima: "Kaka, tundu la sigara linafanya kazi? Nikibandika kamera yangu kwenye kioo kuna shida? Gari lina tracker?" Akikubali, mtumie ujumbe wa WhatsApp unaorudia mlichokubaliana, naye ajibu hata kwa "sawa". Hiyo "sawa" ina kazi siku ya kurudisha.

Swali la tracker usilione la umbea. Wamiliki wengi hufunga tracker, yaani kifaa cha GPS cha kuonyesha gari liliko, chini ya dashibodi, na vingi vina uwezo wa kuzima gari kwa amri ya simu. Ukichokoachokoa nyaya za huko chini, au ukichomeka kifaa cha kusomea matatizo ya gari kwenye soketi ya fundi karibu na magoti, mwenye gari anaweza kupata taarifa kwamba tracker yake imekatiwa umeme. Atafikiri anaibiwa. Uko Lamadi saa tatu usiku na familia, gari limezimwa na mtu aliyekaa sebuleni kwake Nyegezi. Soketi ile iache kabisa.

Na kama unavuka mpaka, mwambie. Tracker itamwonyesha tu kwamba gari lake limetoka nchini. Utahitaji barua yake ya ruhusa, kadi ya gari, na bima inayotambulika upande wa pili, ambayo kwa ukanda wetu watu huikata kwa kadi ya njano ya COMESA.

HATUA YA 2: PANGA MKOBA MDOGO

Chaja ya gari yenye matundu mawili ya USB, nyaya mbili (mmoja mrefu wa mita mbili), holda ya simu, waya wa AUX (wa kupeleka sauti ya simu kwenye redio), kamera ya dashibodi kama unayo, na kitambaa laini cha kufutia kioo. Basi.

Ukisafiri kwa ndege, pawabenki na betri zozote za akiba za lithiamu hukaa kwenye mkoba wa mkononi, hazishuki kwenye mizigo ya chini. Kikomo cha kawaida cha mashirika ya ndege ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha umeme unaobebwa na betri). Ile ya mAh 20,000 ina Wh 74 hivi, kwa hiyo inapita. Kifaa cha kustua gari lililokufa betri nacho ni lithiamu. Soma maandishi yake kabla ya kufika uwanjani, maana kikizidi kikomo kitabaki kwa walinzi.

Radio call ziache nyumbani. Hapa kwetu zinahitaji kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na nchi nyingine zina mamlaka zao zenye masharti kama hayo.

HATUA YA 3: IJUE NGUVU YA TUNDU LA SIGARA

Habari njema ni kwamba tundu hili ni lilelile karibu dunia nzima: volti 12 kwenye gari dogo, Mwanza au Munich. Adapta ya plagi utaihitaji hotelini tu. Ila malori na baadhi ya Coaster ni volti 24. Chaja iliyoandikwa "12–24V" itafanya kazi kote. Pampu ya tairi iliyoandikwa 12V pekee itaungua.

Fungua kifuniko cha tundu usome. Kwenye Toyota nyingi utakuta "12V 120W", yaani ampea 10. Hapo ndipo hesabu ilipo. Chaja ya simu hula wati 10 hadi 30, haina neno. Kompyuta ndogo kupitia inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa gari uwe kama wa nyumbani) hula wati 65 hivi, sawa. Pampu ya tairi hula ampea 10 hadi 15 inapohangaika na tairi kubwa, na hiyo ndiyo inayokata fyuzi za watu. Iendeshe injini ikiwa imewaka, dakika chache kwa tairi moja, uipumzishe. Heta ya maji na pasi usiviwaze.

Fyuzi ikikatika, usiweke kubwa kuliko iliyokuwepo ili "isikatike tena". Fyuzi ya ampea 10 ikitolewa hurudi ya ampea 10, kwa sababu kinacholindwa ni waya, na waya mwembamba ukipitishiwa umeme mwingi huungua ndani ya dashibodi. Nunua pakiti ya fyuzi ndogo kwenye maduka ya spea kabla ya kuondoka. Bei yake ni ndogo na huzitafuti usiku Tarime.

Kuna gari ambalo tundu lake hufa ukizima swichi, na kuna ambalo huendelea kutoa umeme hata ukiondoka na ufunguo. Magari ya Kijapani mengi ni ya aina ya kwanza, ya Ulaya mara nyingi ya pili. Lijaribu siku ya kwanza: zima gari, toa ufunguo, tazama kama taa ya chaja bado inawaka. Hili lina maana sana kwa wanaobeba friji la gari. Mtu amenunua sato na sangara pale Mwaloni Kirumba, anapeleka kwa shemeji Kisumu, akalala njiani friji likiwa limechomekwa. Friji dogo hula ampea 4 hivi kila compressor inapowaka, na betri ya gari dogo ni kama ampea-saa 35. Compressor ikifanya kazi kwa jumla ya saa nne au tano, umeshakula nusu ya betri. Asubuhi samaki ni wabichi na gari haliwaki. Kwa safari ya namna hiyo mimi ningeweka barafu na boksi la foam, friji libaki nyumbani.

Hybrid, gari la petroli na umeme kama Aqua, ina jambo lake. Betri kubwa ipo, lakini vifaa vyako vinakula ile ndogo ya volti 12, nayo ni ndogo kweli. Chaji simu pale tu dashibodi inapoonyesha "READY".

Na chaja ya bei ya kutupa ina ubaya mmoja ambao watu hawaudhanii: hutoa mawimbi yanayovuruga redio na GPS. Redio ikianza kukwaruza kila unapochomeka simu, mkosaji ni chaja.

HATUA YA 4: HOLDA NA KIOO

Holda ya kunyonya kioo hushika vizuri ikiwa kioo ni kisafi, kwa hiyo kifute kwanza. Iweke chini, pembeni, upande usioziba macho yako, na mbali na kifuniko cha airbag, kwa sababu airbag ikifunguka chochote kilicho mbele yake kinakuwa jiwe. Waya wa kamera usiusokomeze ndani ya nguzo ya mbele pembeni mwa kioo; magari mengi mapya yana airbag ya pembeni imekunjwa humo. Upitishe juu ya kioo, ushuke pembeni kwa vipande vya tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi. Inatoka bila kuacha gundi.

Kamera yenye tepu nene ya kudumu usiibandike moja kwa moja kwenye kioo cha mtu. Bandika kwanza karatasi laini ya plastiki inayoshika yenyewe bila gundi (nyingi huja ndani ya boksi la kamera), halafu tepu juu yake.

Joto nalo. Apple wanasema iPhone itumike kati ya nyuzi 0 na 35, na ihifadhiwe isizidi 45. Gari lililoegeshwa juani pale Kamanga ukisubiri kivuko hupita 45 mapema sana, na juu ya dashibodi ndiko kubaya zaidi. Ukishuka, simu shuka nayo. Kamera yenye betri ya lithiamu nayo huvimba; kama unanunua mpya, uliza yenye kapasita badala ya betri.

HATUA YA 5: KAMERA YA DASHIBODI

Hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko vyote, na ndiyo yenye sheria nyingi kuliko vyote. Sheria nimeziweka Hatua ya 8. Hapa ni namna ya kuitayarisha.

Tumia kadi ya kumbukumbu iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera zinazorekodi mfululizo, si ile ya zamani ya simu. GB 64 hubeba saa kama nane hadi kumi za picha nzuri ya kawaida, kisha kamera inaanza kufuta za mwanzo.

Halafu nenda kwenye mipangilio ya kihisi cha mshtuko. Kamera ikihisi kishindo hudhani ni ajali, hukifunga kipande hicho kisifutwe. Kiwandani huwa imewekwa kwa ajili ya lami laini. Sasa ipeleke kwenye barabara ya vumbi iliyojaa mawimbi, au hata lami yetu ya matuta na rasta kila kijiji. Kila tuta ni ajali! Baada ya muda kadi nzima imejaa vipande vilivyofungwa, kamera inaacha kurekodi kimyakimya, na wewe hujui. Weka kihisi kiwango cha chini kabisa, na kila jioni angalia kama kipande cha leo kipo.

Saa ya kamera iwe sahihi. Tanzania, Kenya na Uganda saa zetu ni zilezile; Rwanda iko nyuma kwa saa moja, Dubai mbele kwa saa moja. Video yenye tarehe ya mwaka 2019 haimsaidii mtu wa bima.

Zima maikrofoni. Abiria wako hawakukubali kurekodiwa, na mazungumzo ya ndani ya gari hayasaidii kitu kwenye ajali.

Kando ya ziwa kuna adui mwingine. Jioni, hasa ukipita karibu na maji na taa zimewashwa, wale wadudu wadogo wa ziwani huja kama moshi na kuganda kwenye kioo. Waipa zikiwasugua wanakuwa uji, na kamera inarekodi ukungu mpaka asubuhi. Kitambaa na maji ya sabuni, usisugue kikavu.

HATUA YA 6: MUZIKI NA SAUTI YA RAMANI

Gari lililotoka Japani halijabadilishwa redio? Basi redio yake inasoma FM 76 hadi 90 tu, zile za karibuni hadi 95, wakati stesheni zetu ziko 88 hadi 108. Ukitumia kifaa cha kurushia muziki kwa FM kilichochomekwa kwenye tundu la sigara, kiweke kati ya 88 na 90, sehemu isiyo na stesheni, na redio iweke namba hiyohiyo. Isipokamata, huenda fundi alifunga kifaa cha kuongeza masafa nyuma ya redio. Hicho hushusha namba, hivyo unachorusha kwa 98 redio itakionyesha chini zaidi. Tafuta polepole mpaka usikie. Ukihama mji, stesheni ya huko itakuingilia, utahamisha tena. Waya wa AUX, kama tundu lipo, unakuondolea usumbufu wote huo.

Gari likikusemesha Kijapani kila unapowasha, usiogope: mara nyingi ni kifaa cha kulipia barabara za huko kinachodai kadi yake. Kiache kilivyo, ni mali ya mwenye gari.

HATUA YA 7: RAMANI NDANI YA SIMU

Pakua ramani ukiwa na Wi-Fi. Google Maps hukuruhusu kupakua eneo. Organic Maps huchukua nchi au mkoa mzima. Ukivuka Sirari mtandao wako hupotea au unaingia romingi, na bando la kawaida huisha kabla hujafika Migori. Zima data ya romingi kwanza, kisha amua kama unanunua laini ya huko.

Ramani ya zamani iwe mpya. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Ramani uliyopakua kabla ya hapo bado itakupigia hesabu ya kivuko. Kwa Ukerewe ni kinyume: ramani itakupa muda kana kwamba kivuko cha Kisorya–Rugezi kinakusubiri wewe. Piga simu kwa mwenyeji uulize.

Andika unakokwenda gari likiwa limesimama. Kukutwa na afande ukiwa na simu mkononi ni kujitafutia karatasi ya faini.

HATUA YA 8: SHERIA ZA UNAKOKWENDA

Rwanda wanaendesha kulia. Ukitoka Tanzania, unabadili upande hapo Rusumo, na usukani wako wa kulia unakuweka mbali na katikati ya barabara. Holda iliyokuwa inakufaa sasa inaweza kuziba hasa pale unapohitaji kuona ukitaka kupita lori. Isogeze kabla ya kuondoka mpakani. Na mpakani kwenyewe zima kamera na igeuze: majengo ya forodha na askari si vitu vya kurekodi.

Kenya na Uganda zote zina sheria za taarifa binafsi za mwaka 2019, Rwanda ya 2021, na yetu ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Kwa mtumiaji wa kamera maana yake ya vitendo ni hii: rekodi kwa ajili ya ajali, mpe polisi au bima, usirushe sura na namba za watu mtandaoni ili watu wacheke.

Ulaya ndiko kugumu. Austria na Ureno kamera ya dashibodi kwa mtu binafsi itakuingiza matatani, kwa hiyo iache kwenye begi. Ujerumani Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua Mei 2018 kwamba video inaweza kupokelewa kama ushahidi wa ajali, lakini kurekodi mfululizo bila sababu bado kunavunja sheria ya faragha. Tumia hali ya vipande vifupi vinavyojifuta.

Kisha kuna vifaa vya kugundua tochi, zile kamera za polisi za kupima kasi. Hapa kwetu watu husaidiana kwa kuwashiana taa, lakini kifaa chenyewe usikibebe. Ufaransa imepiga marufuku tangu 2012 hata vifaa vinavyoonyesha kamera za kasi zilipo. Uswisi wanakinyang'anya na kukiharibu. Ujerumani hata programu ya simu inayokuonya hairuhusiwi kwa dereva akiwa anaendesha. Kabla ya kuwasha gari huko, ingia kwenye mipangilio ya ramani uzime tahadhari za kamera.

Simu mkononi: Uingereza ni pauni 200 na pointi 6 kwenye leseni, na tangu Machi 2022 hata kupiga picha au kutafuta wimbo kunahesabika. Falme za Kiarabu ni dirham 800 na pointi 4. California wanapima hata mahali pa holda kwenye kioo, kona ya chini tu. Kampuni ya kukodisha itaikata faini kwenye kadi yako na kuongeza ada yake ya usumbufu.

HATUA YA 9: KURUDISHA GARI BILA KUJIACHA NDANI

Watu husahau hili kuliko chaja. Ukiunganisha simu kwa Bluetooth, redio nyingi hunakili majina, namba na simu ulizopiga. Mwaka 2016 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwaonya watu wanaokodi magari kuhusu jambo hilihili. Kinga yake huanza mwanzoni: gari likiuliza ruhusa ya kusoma majina na ujumbe, kataa. Chaji kwenye tundu la sigara, si kwenye USB ya gari, kwa sababu ile USB hupitisha na data. Ukitumia Android Auto au CarPlay (mifumo ya kuonyesha simu kwenye skrini ya gari), nayo uiondoe mwishoni.

Siku ya kurudisha, kaa ndani ya gari dakika kumi kabla ya mwenyewe kufika. Ingia kwenye orodha ya simu zilizounganishwa ufute yako, kisha futa gari hilo kwenye simu yako pia. Futa maeneo uliyotafuta kwenye ramani ya gari, hasa "nyumbani". Ondoka kwenye akaunti yoyote ya muziki. Redio ikiwa na kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani, muulize kwanza mwenye gari, maana kwenye redio nyingine za Kijapani hatua hiyo huleta ombi la nambari ya siri asiyoijua yeye wala wewe, na redio inajifunga.

Bandua kila kitu, futa kioo, rudisha kifuniko cha tundu la sigara. Angalia chini ya siti: kadi za kumbukumbu ni ndogo na hudondoka. Piga video fupi ya dashibodi, kioo na tundu likiwa linafanya kazi, mwenye gari akiwepo. Video za safari usizifute mpaka dhamana irudi mkononi. Kwa kampuni za ng'ambo subiri zaidi, kwa kuwa faini za kamera za barabarani huweza kufika wiki kadhaa baada ya wewe kurudi Mwanza.